Daraja Nililojipa Kulisimamia

Nikiikumbuka siku ile natamani kujifunika shuka, lakini kwa kuwa mmenikalia kooni, nasimulia, mcheke mmalize.

Wakati namchumbia Rehema, mwaka elfu mbili na kitu, nilikuwa nafagia stesheni moja ya treni hapa Landani, ila posa ilipopelekwa kwao Tabora nikamwambia mshenga aseme mimi ni injinia wa reli (si nafanya kazi reli? nikajisamehe). Sikujua baba yake ni fundi mstaafu wa reli, naye akafunga safari kuja kuniona kabla hajajibu.

"Nionyeshe kazi yako, kijana."

Badala ya kusema niko likizo, nikampeleka kwenye daraja la treni, la chuma, lililojengwa Waingereza wangali wanapanda farasi, ambalo wiki hiyo lilikuwa linapakwa rangi, nikamwambia ukarabati wote nausimamia mimi. Mzee akagonga nguzo, akasikiliza.

"Hiki chuma cha kusubu, cha kuyeyushwa na kumiminwa, hupasukia ndani. Nyufa mnazikagua vipi?"

"Kwa macho, baba."

Nikaona anatabasamu, kichwa kikavimba, nikaruka utepe wa mafundi nikaegemea nguzo nyingine kama mwenye mali.

Rangi ilikuwa mbichi. Suti ya watu (nimeiazima, rangi ya maziwa) ikawa ya kijani kuanzia bega mpaka makalio, na katika kuhangaika kujifuta nikapiga teke ndoo, rangi yote ikaishia kwenye viatu vya mzee. Msimamizi wa kweli, Mwingereza mmoja mnene, akashuka ngazi anafoka, nami nikamnong'oneza anisitiri, aseme tunafanya kazi pamoja. Kumbe mzee Kiingereza anakijua kuliko mimi.

"Huyu unamfahamu?" akamuuliza.

"Namfahamu sana," akajibu yule bwana. "Anafagia stesheni ninayoshukia kila asubuhi."

Niliona aibu jamani, mpaka masikio yakawaka moto. Tulirudi kwa basi, mimi nimesimama njia nzima kwa ajili ya ile suruali, nikijua Rehema ndiyo basi tena. Tuliposhuka mzee akanigeukia.

"Posa niliyoletewa ni ya injinia, nayo nimeikataa. Wewe mfagiaji bado hujaposa."

Nikaposa upya wiki ileile, nikakubaliwa, na tangu hapo mtu akitaka kujua nafanya kazi gani, namwambia nafagia kabla hajamaliza kuuliza.