Piga Honi, Babu

Mimi ni mtu wa maneno mengi. Waulize ninaofanya nao kazi Dar, waulize hata wauza nyanya wa mtaani kwangu, watakwambia yule mama hafungi mdomo. Lakini kuna maneno matatu yaliyonishinda kwa zaidi ya miaka ishirini, na mwezi uliopita nilikwenda kwetu, upande wa Chinongwe, kwenye arobaini ya mtu aliyestahili kuyasikia.

Nilishuka kwenye basi alasiri, watu wa hitma wakiwa bado hawajaanza kujaa. Nikazunguka moja kwa moja jikoni, nikamkuta Bibi amechuchumaa, kabandika sufuria la maji ya ugali. Nikamwuliza nani anakula saa hizi, maana wageni walikuwa wanapikiwa pilau kwa jirani. Akayatazama maji, akanitazama mimi.

"Hakuna mtu," akasema. "Mikono tu, mama. Imezoea."

Ngoja nikueleze mikono ile ilizoezwa na nini.

Babu alikuwa dereva wa lori. Kabla ya hapo alikuwa askari, akaendesha magari ya jeshi kwenye vita vya Uganda, akarudi na kovu refu mkononi na tabia ya kutokula akiwa kaupa mlango mgongo. Vita vyenyewe hakuvisema. Ukimbana sana atakusimulia mvua za Bukoba na ndizi za kule, basi, habari imeishia hapo. Alipotoka jeshini akapata kazi kwa tajiri mmoja wa Nachingwea aliyekuwa na lori la kijani, la pua ndefu na bodi la mbao. Msimu wa korosho lilibeba korosho, msimu wa ufuta likabeba ufuta, na hapo katikati lilibeba chochote kilichotokea: mbaazi, saruji, bibi harusi na ndugu zake, hata maiti.

Barabara ya enzi hizo unaijua. Kiangazi vumbi jekundu mpaka kwenye kope, masika tope la kulaza gari siku tatu. Simu hakuna. Mtu akitoka Nachingwea hujui atafika leo au keshokutwa. Ndiyo maana palikuwa na honi. Babu akifika juu ya kilima cha kuingilia kijijini kwetu, hata lori hujaliona, inalia: fupi tatu, halafu ndefu moja, anateremka nayo mpaka chini.

Hapo Bibi alikuwa anaacha chochote. Kama ni jembe linaangushwa, kama ni mazungumzo yanakatwa katikati ya neno, maji yanabandikwa. Babu akishaegesha lori, akanawa uso kwa maji ya dumu lake, akasalimiana na majirani, ugali wa muhogo unapakuliwa, na kisamvu kilichoungwa karanga kiko pembeni. Haukupoa hata siku moja. Jirani yetu, mama mmoja asiye na breki mdomoni, alikuwa akipiga kelele kutoka uani kwake, "Haya, mwenye mume kaletewa mume wake!" Na mwalimu wetu wa madrasa alishasalimu amri. Honi ikilia anafunga kitabu mwenyewe, kwa sababu midomo yetu ilikuwa inasoma lakini macho yote yako barabarani.

Sisi wajukuu tulikuwa tunamkimbilia mpaka tunajikwaa. Alinuka dizeli, jasho na maganda ya korosho, na mpaka leo nikipita gereji yoyote nasimama kidogo. Alikuja na mkate uliofungwa gazeti, na msimu wa mabibo alileta ndoo ya mabibo ya manjano akiapa kwamba ya Nachingwea ni matamu kuliko yetu. Uongo mtupu, lakini tuliyala tukimkubalia, juisi inatutiririka mpaka viwikoni.

Mimi alikuwa akiniita mke mdogo. Bibi ndiye mke mkubwa. Nikiwahi kumpa maji ya kunywa, anamwambia Bibi, "Wewe talaka yako iko njiani." Bibi anamjibu bila kugeuka, "Mchukue, na makamasi yake." Na nikifaulu mtihani, zawadi yangu ilikuwa moja tu, nayo nisingeibadilisha na kitu: Babu ananipandisha kwenye kiti cha dereva, napiga honi mwenyewe. Fupi tatu, ndefu moja. Nilikuwa najiona mkubwa kuliko mkuu wa wilaya.

Kumbuka hilo, kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Niliipenda honi ile kabla sijaionea haya.

Nikachaguliwa kwenda sekondari ya bweni Nachingwea. Babu ndiye aliyenipeleka, sanduku langu likiwa juu ya magunia. Mabinti niliowakuta kule wengine walikuwa watoto wa maofisa, wanaletewa soda na biskuti za paketi, na mimi nikajifanya mjanja. Wakaniuliza Babu anafanya kazi gani, nikasema yuko kwenye mambo ya usafirishaji. Walidhani ana ofisi. Nikawaacha wadhani.

Jumamosi moja ya wageni, nikiwa kidato cha pili, tumekaa uwanjani tumepiga pasi sketi zetu, nikasikia honi getini. Fupi tatu, ndefu moja. Lori limejaa mbuzi, vumbi mpaka kwenye kioo, na Babu kachomoza kichwa dirishani, kafurahi, anaita kwa sauti ya kuitia mtu wa ng'ambo ya mto, "Mke wangu! Mke mdogo! Mumeo nimekuja!"

Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Sasa kila mtu anajua babu na mjukuu wanataniana, hata wao walikuwa na babu zao wanaowaita wake. Lakini kicheko cha shuleni hakina akili. Wiki nzima niliitwa Mke wa Lori.

Nilitoka getini nimenuna. Babu ameshika kikapu: korosho za kubanika, ming'oko, ile mizizi ya porini, iliyochemshwa na Bibi, mche wa sabuni. Sikumpa hata shikamoo. Nikamwambia, "Babu, usipige tena hiyo honi. Unanitia aibu."

Alinitazama. Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu na mgeni. Akasema, "Haya, mama. Sipigi."

Mama. Siyo mke mdogo. Akaniachia kikapu, akawasha lori, akaondoka polepole kama anayepita msibani.

Mwenyezi Mungu ni shahidi, mimi nilikuwa na maana ya pale getini tu. Lakini likizo ya Desemba nikiwa nyumbani, Bibi anapukuchua mbaazi, mimi naosha vyombo, tukashtuka lori liko uani. Jiko baridi. Bibi akaruka, mbaazi zikamwagika.

"Ee! Honi yako imekuwaje?"

"Imekufa," Babu akajibu, akaketi mkekani kusubiri ugali, kwa mara ya kwanza, kama mgeni nyumbani kwake. Jirani akadakia kutoka uani kwake, "Siku hizi mwenzetu ananyatia, anataka kufumania!" Watu wakacheka, Babu naye akacheka. Mimi nilijua. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, sufuria mkononi, na maneno yenyewe ni matatu tu: Babu, piga honi. Nikaenda kufagia mahali nilipokwisha kupafagia.

Baada ya hapo ni kuahirisha, rafiki yangu. Nikimaliza mitihani nitamwambia. Nikipata kazi. Nikienda Idi. Kila Ijumaa nilimpigia simu, shikamoo Babu, naye marahaba mama, kisha tunaongea habari za salfa ya kupulizia mikorosho na macho yake yanayoingia ukungu, na tunaagana. Yule tajiri akafa, lori likakatwakatwa likauzwa chuma chakavu, na bado sikusema. Wanangu wanamkumbuka Babu mkimya aliyekaa barazani na redio. Huyo siyo Babu. Huyo nilimtengeneza mimi.

Alifariki asubuhi ya siku ya kupulizia mikorosho. Nilipofika walishamzika.

Basi kesho yake baada ya arobaini, mimi na Bibi tuko uani tunasugua masufuria kwa majivu, nikamwuliza ile honi ilianzaje. Sikuwahi kuuliza, mimi mwenye maneno mengi. Akasema alikuwa bado kijana, na watoto wadogo, Babu alipoitwa vitani, na wakati wa kuagana alimwambia, "Nikirudi, utanisikia kabla hujaniona." Kule walikuwa wanaendesha kwa misafara, taa zimezimwa, honi marufuku, miezi na miezi. Alimwambia baadaye kwamba risasi aliizoea, ule ukimya ndio uliomtafuna. Siku aliyorudi alipanda gari la watu, akambembeleza dereva apige honi kuanzia juu ya kilima.

"Nilikuwa natwanga," Bibi akasema. "Niliuacha mchi kinuni, nikabandika maji. Hata sikujua kama ni yeye. Nilibandika tu."

Mikono yangu ikasimama. Nikamwambia, "Bibi, honi haikufa. Mimi ndiye niliyemkataza."

Hakuacha kusugua.

"Najua. Alinambia kesho yake, ulipokwenda kisimani. Nilitaka nikuchape siku ile ile. Akanizuia. Akasema, mwache, anakua huyo. Akimaliza kukua atasema mwenyewe, Babu, piga honi." Akamwaga maji machafu. "Tukasubiri. Alisubiri sana yule mzee."

Nililia pale kama mtoto, mtu mzima na watoto wangu. Bibi akaniacha nilie, akaendelea na masufuria.

Siku ya kuondoka nilipanda basi kituoni, chini ya kilima. Barabara yetu sasa inawekwa lami, malori makubwa yanapita usiku na mchana na honi za kila namna, hakuna mtoto anayeinua kichwa. Yule mwalimu wa madrasa hayupo, jirani mwenye mdomo naye hayupo. Nikaona walau nifanye kitu. Nikamwomba dereva, kijana mwenye adabu, tukikaribia nyumba yetu apige fupi tatu na ndefu moja. Akapiga vizuri kabisa.

Bibi alitoka mbio, kanga inaburuta, mikono ina unga. Nikatoa mkono dirishani kumpungia, nikamwita. Hakunitazama, wala basi hakulitazama. Alikuwa ametupa macho nyuma yetu, juu kilimani, upande wa Nachingwea, anangoja lori literemke.

Nikaurudisha mkono wangu ndani.