Kanini wa Bima na Mguu wa Mbeyu

Mniwie radhi, mimi nikishamtaja Kanini huwa sinyamazi upesi. Watu wa Msambweni walimwita Kanini wa Bima. Ni Mkamba wa kule Shimba Hills, ambako wazee wake walipewa shamba la makazi. Mama mnene wa sauti ndogo, aliyezunguka zahanati za pwani hii akiwauzia wauguzi na madaktari bima ya kuwakinga mgonjwa anapodhurika na kudai fidia. Mimi Mbodze, mchoma vitumbua, bima ilinihusu nini?

Ilinihusu mwaka wa tisini na nane, mvua za Elinino zilipotuachia malaria. Mwanangu Mbeyu alichomwa sindano ya kwinini matakoni na Eunice, muuguzi mwenye zahanati karibu na kwetu. Homa ilishuka. Kulipokucha mtoto akasimama, mguu wa kulia ukamlegea kama kitambaa. Daktari wa hospitali alisema sindano imegusa mshipa wa fahamu. Apate mazoezi na chuma cha kuushikilia mguu mapema, la sivyo atalemaa. Nilitazama jiko langu la vitumbua, nikajua hayo siyawezi.

Nikamngoja Eunice. Kwetu aliyekosa huja mwenyewe na mzee wa kwao, hukiri mbele ya wenye nyumba, kisha maji hupulizwa kwa kinywa na maneno mema husemwa, kinyongo kikapoa. Eunice ni Mduruma mwenzangu, anayajua hayo. Siku ya kwanza hakuja, ya pili hakuja. Haki ya Mungu nilivimba! Nikamwambia mume wangu Tsofa, "Huyu anatuona sisi takataka."

Alipokuja, alikuja na Kanini, mikono mitupu. Alitusalimu huku analia, akasema wazi kwamba ndiye aliyemchoma mtoto, na kwamba mguu ulilegea baada ya sindano yake. Lakini "nimekosa" hakusema.

"Ala! Na kukiri je?" nikauliza. "Neno lenyewe limekukwama kooni?"

Aliyejibu ni Kanini. "Mama Mbeyu, lawama nipe mimi. Nilimkuta amekwisha kumwita mjomba wake, na mbuzi amefungwa tayari kuletwa hapa. Nikamzuia."

"Wewe ni nani hata uzuie radhi?"

"Mimi nauza bima," alisema bila kuona haya. Akaeleza taratibu, akirudia kila nilipokunja uso. Eunice akipatwa na jambo kama hili, lazima aiarifu kampuni ya bima kule Mombasa mara moja, asingoje kushtakiwa. Na asikubali lawama wala asilipe chochote, hata mbuzi, kabla kampuni haijaridhia. "Akivunja sharti hilo, kampuni yaweza kukataa kulipa. Kusema pole hakukatazwi. Kusema lililotokea hakukatazwi. Mbuzi mngemla jioni moja, mama. Chuma cha mguu angelipa nani?"

"Lo! Kumbe siku hizi radhi huombewa ruhusa Mombasa!"

Akacheka kidogo. "Hata mimi sikulipenda sharti hilo. Lakini sikia, usiniamini mimi peke yangu. Mimi ni wa kampuni, si wako. Tafuta mtu wako akusomee kila karatasi, wala usitie saini kwa haraka."

Hapo hasira ikaanza kunitoka. Mtu akikwambia mwenyewe amesimama upande gani, waweza kuzungumza naye. Na hasira hasara. Ningaliwafukuza siku ile, ningaliufukuza mguu wa mwanangu.

Kampuni ilijivuta. Nilimsikia Kanini kwenye simu ya posta akiwagombeza wakubwa zake, ile sauti ndogo sijui ilikwenda wapi: "Mtoto ataacha kukua angoje mkutano wenu?" Wakakubali kulipia mazoezi na chuma kwanza, mengine yakafuata baadaye. Shauri lilipokwisha na kampuni ikaridhia, Eunice akaja na mjomba wake, akakiri, maji yakapulizwa. Siku hiyo nililia mimi.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na Kanini sikumzaa wala hakunizaa. Namshukuru kwa mguu wa mwanangu. Namshukuru pia kwamba zahanati ya Eunice haikufungwa kwa deni la fidia, maana mvua zilizofuata Mbeyu alishikwa na homa tena. Siku hizo alikuwa akichechemea kidogo, lakini kuku wangu hawakuwa na raha kwa jinsi alivyowakimbiza. Nikamchukua hadi kwa Eunice.

Alipotuona mlangoni akarudi nyuma. "Mama Mbeyu, niwatafutie gari la hospitali?"

"Mtibu wewe."

"Una hakika?"

"Ningekuwa sina, ningepita."

Eunice akageuka kunawa mikono, akanawa na uso. Mbeyu hakungoja kubebwa. Alipanda kitanda mwenyewe, akatanguliza mguu wa kulia.