Kiraka cha Kimya

Mtu akikuambia anataka kutengeneza filamu yake mwenyewe, usimuulize benki ana nini. Muulize nyumbani ana nini. Neno hilo si langu. Nililisikia kwa Mpigapicha, yule aliyekuwa akipiga picha za harusi kila Jumamosi. Mwaka ule nilikuwa nikizunguka kusuka viti, na mama yake alinipangisha chumba cha uani.

Yeye nyumbani alikuwa na mama mshonaji, cherehani ya miguu, na chumba chenye dirisha moja. Basi hadithi yake ikawa hiyo hiyo: mshonaji anamshonea shati mwanawe aliye mbali, shati linakwisha, mwana harudi. "Mwenye bakuli asitunge hadithi ya bahari," alikuwa akisema. Mama yake akacheza mama. Mimi nikapewa kucheza marehemu baba, nilale chini ya shuka nisitikisike.

"Hapo mmepata bingwa," mama akasema. "Mpangaji wangu huyu yuko mazoezini tangu ahamie."

Fedha ilitoka kwenye harusi. Harusi zikikauka, filamu nayo inalala. Mwenye ukumbi wa harusi aliwaazima taa, akapigiwa picha za tangazo lake bure. Waliosaidia hawakulipwa, ila kila mmoja aliandikiwa fungu lake la mapato mbele ya wenzake, maana Mpigapicha alisema udugu usioandikwa huvunjika siku pesa inapoingia mlangoni.

Mtu wa sauti alikuwa fundi wa vipaza sauti, na jina lake la utani Kelele. Kila wakimaliza kazi chumbani, Kelele huinua mkono: "Sasa kimya cha chumba!" Hapo sote tunasimama kama vigingi, yeye anarekodi.

"Baba, unarekodi nini nasi hatusemi?" mama alimuuliza siku ya kwanza.

"Kila chumba kina kimya chake, mama. Baadaye nikikata maneno panabaki tundu, na tundu lile naliziba kwa kimya hiki. Cha chumba kingine hakikubali, sikio linakijua."

"Ah! Kumbe ni kiraka! Ungesema tangu mwanzo. Kiraka lazima kitoke kwenye kitambaa kile kile."

Tangu hapo hakuna aliyesema tena kimya cha chumba. Ilikuwa kiraka, tunachukua kiraka. Taabu ni kwamba mama alikuwa na ugonjwa wa kifua, na pumzi yake ilikwaruza taratibu, kama mtu anayekunja karatasi chumba cha pili.

"Mama, unapumua," Kelele analalamika.

"Nisipopumua mtanizika leo."

"Basi toka nje kidogo tu."

"Nikitoka, hicho si kimya cha chumba changu."

Kelele akashindwa, akawa anarekodi hivyo hivyo huku akinung'unika.

Kifua kikazidi, harusi zikapungua. Ndipo akaja mjomba, mdogo wake mama, mwenye ghala la saruji. Alikaa, akakataa chai, akasema lililomleta.

"Mpwa wangu, fedha ya kumalizia ninayo. Sharti langu moja. Mtafute yule mwigizaji anayejulikana, acheze mahali pa dada."

"Mjomba, huyu ni dada yako."

"Nampenda. Lakini nani atalipa kiingilio aje kumtazama dada yangu anashona?"

Mama aliyasikia akiwa pale pale kwenye cherehani. Hakununa. Mjomba alipotoka kwenda kupiga simu, alimwambia mwanawe, "Chukua, mwanangu. Usiharibu nguo kwa ajili ya kiraka."

Mpigapicha akasogea karibu na cherehani. "Mama," akasema, "wewe si kiraka. Wewe ndiye kitambaa."

Mjomba alipopewa jibu alisimama, akajipangusa suruali kama aliyekalia vumbi. "Haya. Kamalizie kwa mate."

Mimi simlaumu mjomba. Anayetoa fedha ana haki ya kuuliza. Ila wewe ujue mapema ni kitu gani chako hakiuzwi. Ukingoja mnunuzi aje ndipo ufikirie, utakiuza.

Lakini kosa moja Mpigapicha alilifanya, na ni kosa la mapenzi. Sehemu ya mwisho, pale mama anapokata uzi kwa meno na kulikunja shati, Kelele alimsihi waipige mapema. Filamu haina lazima ya kufuata mstari, kisichongoja kitangulie. Mpigapicha akasema mwisho atauacha mwisho. Nadhani aliogopa kuufikia.

Mama akafariki kabla.

Tulipotoka kuzika, mjomba alimshika mpwa wake bega, safari hii kwa upole. "Fedha bado ipo. Anza upya na yule mwigizaji. Dada hayupo tena wa kuumia."

"Nipe mpaka kesho, mjomba," Mpigapicha akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kubali.

Kesho yake Kelele alikuja, hakusalimia hata. Alimvisha visikilizio masikioni, akabonyeza. Mpigapicha akasikiliza. Kisha akaenda akafunga dirisha polepole, kama tulivyozoea kufanya wakati wa kuchukua kiraka, akabaki amesimama pale ametugeuzia mgongo.

Walipiga sehemu ya mwisho chumbani bila mtu. Kiti kimesogezwa nyuma, shati liko chini ya sindano, uzi haujakatwa. Juu yake wakatandika kile kiraka.

Filamu ilionyeshwa ukumbini, kwenye viti vya plastiki vya harusi. Mjomba alikuja, akasimama nyuma mikono kifuani. Ilipofika mwisho, chumba kitupu kikajaza ukuta, na ndani yake ikasikika ile pumzi. Nilimwona mjomba akigeuza shingo kuangalia mlangoni, kama mtu aliyeitwa na wa nyumbani kwao. Akatoka bila kuaga.

Wiki iliyofuata ilionyeshwa tena, nami ndiye niliyekaa mezani nikikata tiketi. Kwenye foleni akatokea mjomba, peke yake, noti mkononi.

"Pita tu, mjomba," nikamwambia. "Wewe ni mtu wa nyumbani."

"Kata tiketi, mzee," akasema. "Nimekuja kumtazama dada yangu."