Mtungi Uliotolewa Foleni

Jumamosi maji yalirudi kwenye mfereji wa ploti yetu huku Eastlands, baada ya siku nne za kukauka. Kama kawaida, mitungi ilipangwa foleni na wenyewe wakaenda zao. Dada mmoja, mpangaji mpya, aliporudi alikuta mtungi wake umetolewa kwenye foleni na kuwekwa kando ya ukuta.

"Ni yule mama wa chumba cha mwisho," akasema, akimwonyesha kwa kidevu. "Ana roho mbaya. Ati mfereji ni wake?"

Mama huyo sisi humwita Askari. Alikuwa ameinama mferejini, akisukuma mitungi kwa mguu bila kumtazama mtu.

Jirani aliyekuwa akifua hapo karibu hakuinua kichwa. "Sema ni mtu wa kujali. Kwanza inua mtungi wako."

Dada akajaribu kuuinua kwa mkono mmoja, ukagoma. Ulikuwa umejaa, na kifuniko kimekazwa.

Akamwendea yule mama mferejini. "Asante, mama. Uko na roho safi."

Yule mama akanyoosha mgongo, akatabasamu. Miaka sita tunaishi ploti moja, na sikujua ana mwanya.

Nikaona nisibaki nyuma. "Hata mimi, mama, asante kwa kutuchungia mitungi."

Akanitazama huku akijifuta mikono kwa leso. "Wewe si ndiye Bila Kifuniko?"

Kumbe nami nilikuwa na jina. Nikakubali, maana mtungi wangu kweli hauna.

"Haya," akasema. "Kuanzia leo nitakuita jirani."