Nilimsahihisha Baba Mbele ya Mjane wa Rafiki Yake

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini alasiri, Jumapili, nilipofungua mdomo wangu. Nilitazama saa kabla ya kusema, ndivyo nilivyo. Nilikosa, ndugu zangu. Sitafuti wa kunitetea.

Baba yangu alipigana vita vya Kagera. Alirudi na mguu mbovu, akalima tumbaku, akarina asali, akatusomesha watoto sita. Hakulala nje hata siku moja bila mama kujua yuko wapi.

Mimi niliishia darasa la saba. Mengine nimejifundisha kwa vitabu vya kuokoteza. Masimulizi ya baba niliyaandika daftarini, kila moja na tarehe yake. Nilijiona mwanahistoria!

Siku hiyo tulikuwa na sherehe ya kipaimara cha binti yangu, hapa Kitete. Miongoni mwa wageni alikuwa Bi Kashindye wa Lusu, mjane wa Maganga, rafiki wa baba aliyebaki vitani. Maiti yake haikurudi. Kila mwaka baba alimpelekea mjane huyo ndoo ya asali, naye hakukosa shughuli yetu hata moja.

"Babu, leo usituletee vita, wali utapoa," binti yangu akamtania.

"Nyamaza, mke wangu. Wewe kula, mumeo aongee."

Watu wakacheka. Baba akasimulia ile ya siku zote: Maganga alivyokata roho mapajani mwake, akiagiza kwamba mtoto aliye tumboni, akiwa wa kiume, aitwe Mihambo.

Kwetu jina la mtoto hutolewa na wazee wa ukoo. Kwa ajili ya agizo hilo Bi Kashindye aligombana na wakwe zake, wakamfukuza, akamlea Mihambo peke yake. Haya yote niliyajua. Niliyajua, jamani!

"Baba, hiyo haiwezekani," nikasema. "Cheti chako cha hospitali kinaonyesha ulilazwa siku nane kabla Maganga hajafa. Nimelinganisha na barua ya jeshi aliyoletewa Bi Kashindye hapa."

Mimi nilidhani nimewasaidia!

Bi Kashindye akaweka kijiko chini. "Shemeji, ni kweli?"

Baba akainamia sahani yake.

"Basi jina la mwanangu alilitoa nani?"

"Shemeji, subiri nikueleze..."

Hakusubiri. Alichukua mkoba wake akaenda stendi.

Asubuhi yake baba aliniita. Hakunigombeza, heri angenigombeza.

"Nilifika kwake kwa magongo," alisema. "Nikamkuta ana mimba kubwa, hana maiti, hana kaburi. Ulitaka nimpe nini? Na jina lile Maganga alikuwa akilitaja kila siku kambini. Hilo si uongo. Nilichoongeza ni kwamba nilikuwepo."

Ole wangu! Kumbe jina lilikuwa la kweli.

Wiki hiyohiyo alipanda basi kwenda Lusu kumweleza. Bi Kashindye alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, kisha akamuuliza, "Na hilo nalo nitajuaje, shemeji?" Baba alirudi na ndoo yake ya asali ikiwa imejaa vilevile. Tangu hapo hakusimulia tena. Wajukuu wakimwomba, alisema amesahau.

Masika yaliyofuata tulimzika. Bi Kashindye hakuja. Alikuja Mihambo, mtu mzima sasa, mvi zimeanza. Alitupa udongo kaburini, akaondoka bila kuonja chakula. Sikuthubutu kumfuata.

Nimekwenda Lusu mara tatu kuomba radhi. Mara zote naambiwa mama yuko shambani. Mara ya mwisho nilimsikia akikohoa ndani.

Daftari lile halina kosa hata moja la tarehe. Lakini wewe mwenye mzee anayesimulia, nakusihi: kabla hujamsahihisha, geuka kwanza umtazame anayemsikiliza. Mimi nilitazama saa.