Siku Niliyojaza 93 Kwenye Gari la Harusi

Nianze na aibu yenyewe, msije mkasema nimeificha. Mimi Rukia, mama mtu mzima, fundi cherehani ninayejulikana Marshalltown nzima, hapa Johannesburg, kwa magauni ya harusi, siku ya nikah ya mtoto niliyemlea kwa mikono yangu nikah sikuiona. Niliisikilizia barabarani, nimesimama juani pembeni ya gari linalotoa mvuke, na hina zangu mikononi na udi wangu mwilini. Mpaka leo nikipanda kile kilima cha Kensington huwa najifanya natafuta kitu kwenye mkoba, mradi nisitazamane na mtu.

Sadiki ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nilimchukua Tanga akiwa bado hajaanza shule nikaja naye huku, tukakaa ghorofani Joubert Park mimi, yeye na mume wangu, na dada yangu kabla hajafumba macho aliniomba jambo moja tu, nimshuhudie mwanawe akioa kama ambavyo yeye angemshuhudia. Nikamwahidi. Basi Sadiki akakua, akampenda Zuhura, binti wa Mzee Kombo, Mzanzibari mwenye duka kule Kensington, na mzee akasitasita weee, akisema vijana wa siku hizi hawajui ahadi wala hawajui saa. Alipokubali alikubali kwa sharti: nikah nyumbani kwake, Jumamosi, saa tano kamili asubuhi, kwa sababu sheikh ana nikah nyingine Lenasia mchana, na yeye mwenyewe jioni anapanda ndege kwenda Unguja kumuuguza kaka yake na hajui atarudi lini. "Akichelewa," alisema, "nitakuwa nimeshapata jibu langu." Hakuinua hata sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

Sasa mngedhani mtu mwenye akili timamu angeondoka mapema, kimyakimya, na kigari chochote kinachotembea. Lakini kulikuwa na Bi Mwanaidi. Huyu ni dada yake Mzee Kombo, na nyie mnajua harusi za kwetu zilivyo, upande wa mume na upande wa mke lazima wachambane, asiyetupa kijembe anaonekana mgonjwa. Siku tuliyopeleka sanduku la bibi harusi alinitazama kuanzia ushungi mpaka kandambili, akasema mbele ya wanawake wote, "Sisi wenzenu tunakaa kilimani, mkwe. Sijui mtakuja na nini, maana watu wa Joubert Park naona mmezoea miguu." Wakacheka. Mimi nikajibu, kichwa kimeshavimba, "Mtatusikia kabla hamjatuona."

Maana gari lilikuwepo. Mume wangu, Baba Nassor, ana V8, na nikisema V8 msifikirie yale madude marefu ya waheshimiwa kule Dodoma. Hili ni gari la chini, jekundu, pua ndefu, injini ya silinda nane, halafu akalifungia na supachaja, yaani kidude cha kuisukumia injini hewa kwa nguvu, ukiliwasha vioo vya ghorofa vinatetemeka. Analipenda kuliko anavyonipenda (hakatai, nimeshamuuliza). Yeye ni dereva wa malori na wiki ile alikuwa njia ya Musina, kwa hiyo ruhusa nilipewa kwa simu, pamoja na maagizo. "Mama Nassor, petroli weka 95 tu, ile ya daraja la juu. Na joto hili, usiliache linanguruma limesimama." Nikasema sawa, Baba Nassor, huku nimeshika vitambaa viwili najiuliza kipi kitaendana na rangi ya gari.

Asubuhi ya Jumamosi Joburg iliwaka. Sisi tuliozaliwa pwani huwa tunawacheka watu wa huku wakilalamikia joto, lakini siku ile hata mimi sikucheka, jua kavu, hewa haina hata unyevu wa kukuliwaza, lami inanata. Nikaingia petroli stesheni na tangi karibu tupu. Foleni ya 95 ilikuwa imefika barabarani. Pampu ya 93 haina mtu hata mmoja. Kijana wa pampu akaniuliza, "Mama, 93 au 95?" na hapo ndipo mimi, fundi cherehani, nilipomtolea mhadhara. Nikamwambia huku Joburg tuko juu milimani, hewa ni nyepesi, injini haipati hewa ya kuishindilia, ndiyo maana 93 inatosha, 95 ni ya watu wa Durban kule baharini (nilikuwa nimeyasikia haya kwa kila mwenye gari mji mzima, nikayatoa kama yangu). Kijana akalitazama lile gari, akanitazama mimi na hina zangu, akasema, "Sharp, mama," akajaza.

Kama ningeishia hapo labda Mungu angenisitiri. Lakini nilirudi Joubert Park nikaliegesha mbele ya jengo letu, injini inanguruma, kiyoyozi mpaka mwisho, ili majirani waone. Magari mengine ya msafara nikayaambia yatangulie, kwa sababu bwana harusi anaingia mwisho. Tukapiga picha. Tukapiga nyingine. Jirani yangu Mama Espérance, Mkongomani wa saluni ya chini, akatoka na simu yake kurekodi, halafu akaweka kiganja karibu na boneti akakirudisha haraka. "Ma Rukia, motokari yako iko muzuri, mais juu ya nini inatoa moto vile?" Nikamwambia huo ndio ukali wake.

Tukaondoka. Sadiki mbele pembeni yangu, kanzu, joho, kilemba kimemkaa vizuri, na nyuma mashangazi watatu ambao hakuna hata mmoja ninayeweza kumwita mwembamba. Kila roboti, ndivyo huku tunavyoita taa za barabarani, tuliyoifikia ilikuwa nyekundu, na kila tuliposimama nilikanyaga mafuta kidogo lingurume, watu wageuke. Mshale wa joto nilikuwa nauona unapanda, nikageuza macho kama mtu anayekwepa mdai. Tukafika chini ya kilima cha kina Mzee Kombo na muda bado tunao. Nikasema haya, sasa wakati wa kusikika, nikakanyaga mpaka chini.

Nilichosikia hakikuwa ngurumo. Kilikuwa kama mtu anatikisa kokoto ndani ya kopo la maziwa, kokoto nyingi, kwa hasira. Shangazi mmoja nyuma akasema bismillah. Halafu nguvu ikakata, si kuzimika, ikakata tu, mguu wangu umezama na gari linatambaa, taa ya njano imewaka mbele yangu, na bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa anatembeza mbwa wake kando ya barabara akatupita. Wallahi akatupita, akatusalimia kwa adabu, na mbwa naye akageuka kututazama. Kabla sijamaliza kushangaa hilo, mvuke ukafumka kwenye boneti, mweupe, nisijue hata mbele ni wapi, nikalisogeza ukingoni likajifia.

Nilishika usukani kwa mikono yote miwili kama bado tunakwenda, nikisubiri mtu aniambie si kweli. Sadiki ndiye aliyenigusa bega. "Mama mdogo, saa tano imekaribia." Tukapiga simu kwa waliotangulia, hakuna aliyepokea, wameshakaa ndani simu wamezizima. Kusubiri teksi ni kumsubiri sheikh aondoke. Na gari lile, Joburg hii, huliachi peke yake barabarani, ukirudi utakuta doa la mafuta tu.

"Nenda," nikamwambia.

"Siendi bila wewe, mama mdogo."

"Nenda, mwanangu. Mzee Kombo hasubiri gari. Anakusubiri wewe."

Akanitazama kama alivyokuwa ananitazama siku ya kwanza ya shule. Kisha akapandisha kanzu magotini, akavua viatu vilivyokuwa vinambana, akaanza kukimbia kile kilima juani, joho linapepea, na mashangazi nyuma yake viatu mkononi, wanahema. Upande wa mume ukapanda kilima kwa miguu, sawasawa na alivyosema Bi Mwanaidi. Mimi nikabaki. Nikamkumbuka dada yangu na ile ahadi, nikalia, na wanja wangu wote ukashuka.

Nikampigia Baba Nassor. Akauliza swali moja, "Uliweka nini?" Nikasema 93. Akaongea polepole, kama anayetoa habari ya msiba. "Mama Nassor, hayo ya hewa nyepesi ni kweli kwa magari ya watu. Hilo nililifungia supachaja ili irudishe hewa iliyopungua. Injini inashindiliwa hewa kama iko Durban, tena kwa joto hili hewa inaingia imeshachemka, na 93 haivumilii, inalipuka kabla ya wakati wake. Hizo kokoto ndizo hizo. Kompyuta imelinyima nguvu lisijiue." Kisha akaongeza, "Lingekuwa la zamani, ungekuwa unaokota pistoni." Yaani gari lilikuwa na akili kuliko dereva wake. Hilo hakulisema yeye, nimejisemea mwenyewe.

Nainua macho, namwona mwanamke anashuka kilima na mwavuli mkono mmoja, ndoo ya maji mkono mwingine. Bi Mwanaidi. Nilitamani ardhi ipasuke nizame na gari na yote. Akafika, akaitua ndoo, akanifunika na mwavuli wake.

"Kafika," alisema. "Jasho chapachapa, miguu vumbi tupu, na sheikh ameshashika mkoba wake anataka kuondoka. Kaka yangu kamwangalia toka juu mpaka chini, akasema, kaeni, huyu ameikimbilia ahadi." Kisha akatoa simu, akaiweka juu ya paa la gari. Alikuwa ameacha simu nyingine sebuleni, imeunganishwa na hii, makusudi.

Tukainamisha vichwa viwili kwenye simu ile. Nikamsikia sheikh, nikamsikia Mzee Kombo akimuozesha binti yake, halafu nikamsikia Sadiki, bado anahema kwa kile kilima, akisema amekubali. Nikapiga kigelegele hapohapo barabarani, na Bi Mwanaidi akakipokea, tukavirusha mpaka mlinzi wa mtaa akaja mbio kutoka kibandani kwake na redio yake ya mawasiliano, anauliza kuna nini. "Tunaozesha," tukamwambia, akabaki ameduwaa analitazama lile gari.

Jioni, kwenye walima, nilidhani yameisha. Bi Mwanaidi akasimama katikati ya ukumbi na kipaza sauti, ushungi umekaa sawa, akaninyooshea kidole. "Niliwaambia mtakuja kwa miguu," alisema. "Lakini huyu mwenzenu hata kwa miguu hakufika."

Nikajifunika uso kwa ushungi, nikacheka na ukumbi mzima. Gari lilipona, Baba Nassor naye amepona kiasi, ila funguo sasa anasafiri nazo. Mimi nina kigari changu kidogo ambacho 93 inakitosha kabisa, na bado napanga foleni ya 95, hata iwe imefika barabarani. Na nimeapa, siku mdogo wake Zuhura atakapoolewa, nitapanda kile kilima kwa miguu yangu mwenyewe, alfajiri, kabla hata jua halijatoka.