Mwanamke Aliyepisha Kila Mtu

Bibi yangu Mal-sun hamtangulii mtu. Asubuhi tukitoka nyumbani, mimi nikienda shule na yeye sokoni kuuza figili, husimama kwenye nguzo ya umeme pale njia panda akangoja. Akitokea mwanamume kule juu, hata awe mbali bado, anaonekana mdogo kama kidole, Bibi havuki. Anapita mzee na mkongojo wake, anapita dereva wa lori la taka, anapita mtoto wa darasa la kwanza mwenye begi kubwa kuliko mgongo wake, ndipo Bibi anavuka. Siku za theluji nimemwona akingoja mpaka nyusi zikawa nyeupe.

"Bibi, huyo si katoto tu?"

"Katoto ka kiume. Tangulia wewe, utachelewa."

"Na mimi je, si mwanamke?"

"Wewe umezaliwa migodi imeshafungwa. Nenda!"

Mimi nina ugonjwa wa kuuliza. Lakini hilo Bibi alilikwepa miaka mitatu, tangu wazazi wangu walipokwenda mji wa Ulsan kufanya kazi kwenye kiwanda cha meli wakaniacha kwake. Alinijibu mwaka huu, mwezi wa pili, tena kwa sababu ya simu.

Simu ilitoka kwa Mama Chang-ho, mke wa mzee Deok-pal. Mzee huyo alichimba makaa pamoja na marehemu babu yangu, na sasa amelazwa, mapafu yamejaa vumbi. Nilisikia kila kitu maana simu ya Bibi hupiga kelele kama ya mnadani.

"Anakuita, Mama Myeong-hui," akasema, akimwita Bibi kwa jina la mama yangu. "Daktari anahesabu wiki, hahesabu miezi. Ana neno lake nawe."

"Mwambie apone kwanza," Bibi akasema. "Mimi nikija ndiyo atakufa."

Akakata simu. Akarudi kwenye figili zake, na mimi nikakaa chini mbele yake nikakataa kuondoka. Akanieleza bila kuinua macho.

Enzi zao mwanamke hakukatiza mbele ya mchimba makaa asubuhi. Akikatiza, yule mtu aligeuka akarudi nyumbani kulala, na hata msimamizi hakumuuliza kitu. Mgodi ulikuwa na mdomo, na watu walijua umeshaonja wangapi. Kwa hiyo wanawake walijifungia ndani mpaka zamu iwe imeteremka.

Mwaka wa 1979 Bibi alikuwa na miaka ishirini na sita na mama yangu, Myeong-hui, alikuwa na miwili. Asubuhi moja babu Gi-tae alisahau chakula chake. Bibi akakitazama pale mezani, kimefungwa kwenye kitambaa. Angekiacha, mumewe angeshinda na njaa chini ya ardhi. Akakinyakua, akakimbia kwa njia ya mkato kando ya kijito ili asionwe na mtu, akaibukia barabarani mbele ya Deok-pal, puani kabisa. Deok-pal alimtazama, akatema mate, akageuka akarudi kwake.

Kikosi kikapungua mtu. Msimamizi akamtoa babu kwenye kusukuma mabehewa, akamweka mahali pa Deok-pal, mbele kabisa penye kuchimba. Kabla ya adhuhuri dari likashuka.

"Nilimpelekea chakula," Bibi akasema, "nikampelekea na kifo. Tangu hapo simkatizi mtu."

Nilitaka kumwambia kwamba mwamba haujui nani kapita barabarani. Badala yake nikachukua figili moja nikaanza kuimenya, maana niliona huyu mtu amejenga maisha yake yote juu ya asubuhi moja, na mimi sikuwa na kingine cha kumpa akae juu yake.

Hakuolewa tena, ingawa alitakwa. Hakushika mtoto mchanga wa mtu yeyote. Na mama yangu alipofunga ndoa, Bibi alikwenda mpaka Ulsan kwa basi, saa nne nzima, halafu akasimama ng'ambo ya barabara mkabala na ukumbi. Aliogopa kupita mbele ya bwana harusi. Wageni walipotawanyika, akapanda basi akarudi. Kwa mama alisema alishikwa na homa.

Simu ya pili Bibi hakuipokea. Mara ya tatu Mama Chang-ho alikuja mwenyewe, amevimba kwa hasira, hata viatu akavivulia katikati ya mlango.

"Wewe mwanamke una kiburi! Unadhani wewe ni nani, malaika wa mauti? Miaka arobaini na minne umeegemea ile nguzo. Hata yenyewe imeshabadilishwa mara mbili, wewe upo tu!"

"Mama Chang-ho, mimi namhurumia mumeo."

"Mhurumie akikuona! Hali, halali, anasema Mal-sun, Mal-sun. Majirani wa wodini wanadhani ni hawara yake. Unataka nizeeke na aibu hiyo?"

Bibi alicheka, akaziba mdomo haraka kana kwamba ameiba kitu. Kisha akaenda kuchukua koti.

Wodini aliingia wa mwisho, baada yangu, baada ya Mama Chang-ho, baada hata ya mfagiaji. Mzee Deok-pal alikuwa mdogo kama mto wa kulalia, na mpira wa hewa puani. Bibi alisimama mbali, karibu na ukuta.

"Sogea, shemeji," mzee akasema. Kila maneno mawili alipumzika. "Siku ile. Nilikuwa nimelewa tangu jana yake. Kichwa kinapasuka. Nilikuwa natafuta sababu ya kurudi. Hata paka angepita, ningerudi. Ukatokea wewe."

Mashine ya hewa ilikuwa inavuta na kuachia.

"Mbona hukusema?" Bibi akauliza.

"Mazishini nilitaka. Nikaona haya. Mwaka uliofuata nikaona haya ya kunyamaza mwaka mzima. Ikawa hivyo hivyo, kila mwaka haya inazaa."

Nilidhani Bibi atashusha pumzi na uso utamng'aa, maana mzigo umeondolewa. Sivyo. Alishika chuma cha kitanda, na sauti iliyomtoka sijawahi kuisikia.

"Ungesema kabla binti yangu hajaolewa, shemeji. Mengine yote ningekuachia. Kabla ya siku ile tu."

Mzee alilia bila machozi. Mama Chang-ho alijipiga paja, akamwita mumewe mpumbavu, halafu akampangusa mdomo. Bibi hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Alichukua bakuli la uji wa malenge akamlisha vijiko vitatu, kijiko cha nne mzee akashindwa. Mzee alifariki baada ya siku tisa.

Jumapili iliyofuata mchana, Bibi alimpigia mama. Alianza na hali ya hewa, akaenda kwenye bei ya kabichi, kisha akasema yote kwa mkupuo, kama mtu anayejitosa kwenye maji baridi.

"Nilikuona," mama akasema. "Kupitia dirisha la ukumbi. Umesimama ng'ambo na mkoba wako. Nikadhani umemdharau mume niliyempata, hata kuingia hutaki. Ndiyo maana huwa siji, mama. Miaka yote hii."

Bibi ana miaka sabini, na mama ana arobaini na sita, na nilijaribu kupiga hesabu ya sikukuu walizokosa kuwa pamoja, nikaacha.

"Mimi nimdharau?" Bibi akasema. "Alipendeza sana. Alivaa tai ya bluu."

"Ilikuwa ya kijivu, mama."

"Ya bluu, Myeong-hui. Nilimtazama sana."

"Ya kijivu. Niliinunua mimi."

Wakabishana hivyo kwa dakika nzima, sauti zikipanda, mama akawa anacheka na kulia pamoja. Bibi ndiye aliyekubali mwisho. Kati yake na ukumbi ilikuwa barabara ya njia sita, akasema, na magari mengi yalikuwa yanapita.